Wali wa Ndege wa Shangazi Noni

6 Asharh

Nakusihi wewe uliyeshika daftari hili: usimwonyeshe mtu, usimsimulie mtu, na tukikutana njiani usinitazame kana kwamba unajua. Soma kimya, hata midomo isitikisike. Humu hamna dhambi kubwa. Kuna malalamiko tu, lakini ni malalamiko ya mgeni juu ya nyumba inayomlisha, na katika mji mdogo kama Mathabhanga hilo linatosha kumtoa mtu mjini.

Jina langu ni Pulakesh Adhikari, nyumbani huniita Poltu. Ni karani mpya katika ofisi ya ardhi, bado niko kwenye majaribio. Mvua zikiisha watanithibitisha au watanirudisha kwa mama yangu. Nakaa ukweni mwa dada yangu Jhinuk. Najua watu wanavyosema: kaka wa mke kula samaki wa wakwe wa dada yake na kuanika mashati kwenye kamba yao. Shemeji ni gadi wa treni huko Assam na huja akipata likizo tu, kwa hiyo inasemekana ni vizuri nyumba iwe na mwanamume. Mimi nikisikia panya darini hujifunika shuka.

Dada ana mtoto, Tupur, msichana aliyezaliwa mwezi wa Magh, miezi mitano iliyopita. Ukuta kati ya chumba changu na chao ni wa mianzi iliyokandikwa udongo. Tupur huamka usiku. Haamki mara moja kama watoto wa kwenye hadithi. Anaamka, ananyonya, analala, na mimi ninapoanza tu kuzama, anaamka tena.

Haya ndiyo malalamiko yangu. Nimeyaandika, na tayari naona haya.

9 Asharh

Tupur aliamka.

10 Asharh

Aliamka. Mvua ilipiga bati kwa nguvu hata sikumsikia mpaka ilipopungua. Nikashukuru kwa mvua, kisha nikakumbuka kwamba dada yangu hana mvua ya kumzibia masikio. Yeye alikuwa upande wa pili wa mianzi, amekaa, anambembeleza.

13 Asharh

Leo asubuhi kulikuwa na mashauri barazani kuhusu usingizi wa Tupur. Mama Hiron, mama mkwe wa dada, ndiye mwenye nyumba na mwenye neno la mwisho. Anayembishia ni mmoja tu, wifi yake, Shangazi Noni, aliyefiwa na mume akiwa bado msichana na akarudi kwa kaka yake. Kaka naye ameshakufa, Shangazi bado yupo. Ana chumba chake cha nyuma, jiko lake, chungu chake. Hali samaki wala yai wala kitunguu. Hupika mara moja kwa siku, wali mweupe wa mchele uliokaushwa juani tu, kama desturi ya wajane wa zamani. Sisi wengine twala ule mchele wa kawaida uliochemshwa pamoja na maganda yake, wenye punje nene za manjano. Wali wake unaobaki huuacha uani nyuma, chini ya bakuli lake la shaba, na kukipambazuka huwamwagia ndege.

"Ni njaa," alisema Mama Hiron. "Maziwa ya wasichana wa siku hizi ni maji matupu. Akishapata wali tumboni, atalala kama gunia."

Dada aliinamisha kichwa.

"Mwanao alikula wali," alisema Shangazi Noni, "na akaendelea kuamka mpaka alipotembea. Nakumbuka, maana mimi ndiye niliyembeba. Wewe ulikuwa unakoroma."

"Mimi? Sijawahi kukoroma tangu nizaliwe!"

"Paka wa jirani alihama."

Hata dada alicheka. Kisha Mama Hiron akasema mambo yameshapangwa: kuhani ameangalia kalenda yake, siku ya Wali Kinywani ni tarehe 27 Srabon, mwezi ujao. Kabla ya siku hiyo punje ya nafaka isipite midomoni mwa mtoto. Ikipita, unaingia mwezi wa Bhadro, ambao hauanzishiwi jambo la heri. Na punje ya kwanza lazima itoke mkononi mwa mjomba, mtoto akiwa amepakatwa, amevishwa kama bibi harusi.

"Mjomba mwenyewe huyu hapa," alisema Shangazi akinitazama. "Poltu, usije ukamtia wali sikioni kwa woga."

Nilicheka nao. Rohoni nilikuwa najiuliza: mpaka tarehe 27 Srabon?

19 Asharh

Natamani leo ingefutika.

Alikuja mkaguzi kutoka wilayani. Mkuu wetu wa makarani, Bwana Sannyal, alikuwa ametuonya tuvae mashati yaliyopigwa pasi. Mimi nilivaa. Nikakaa mezani, nikanyoosha karatasi zangu, na kitu cha pili ninachokumbuka ni kiatu cha mtu kikigonga mguu wa meza yangu. Nilikuwa nimelalia kidau cha wino wa mhuri. Nilisimama mbele ya mkaguzi nikiwa na shavu la zambarau.

"Huyu ni nani?" aliuliza mkaguzi.

"Huyu tumempokea juzi tu," alijibu Bwana Sannyal. "Bado hajakauka."

Ofisi nzima iliangua kicheko. Mkaguzi alipoondoka, Bwana Sannyal aliniita na hakucheka tena. "Adhikari, niambie kweli. Nyumbani kwenu ni wewe unayenyonyesha?"

"Hapana, bwana."

"Basi lala. Ripoti yako ya majaribio naiandika mimi, na siwezi kuandika kwamba unafaa kuwa godoro."

Nilisugua shavu kwa sabuni na majivu. Wino haujatoka wote. Tupur aliponiona alinyoosha kidole kwenye doa lile akacheka kwa ufizi mtupu, nami, Mungu anisamehe, nilimchukia kidogo.

22 Asharh

Aliamka. Aliamka. Aliamka.

24 Asharh

Nimefanya jambo. Nitaliandika jinsi lilivyokuwa, kwa sababu nikiliacha kichwani linaota miguu.

Jioni, Mama Hiron na dada walikuwa chumba cha ibada wanawasha taa na kupuliza kombe la baharini. Shangazi Noni alikuwa amekwenda kisimani. Nilikuwa nimeachiwa Tupur. Alikuwa ananung'unika, anajitafuna ngumi, anatazama mdomo wangu kana kwamba nimeficha kitu humo. Nikatembea naye mpaka uani nyuma. Bakuli la shaba lilikuwa palepale limefunikwa.

Nilifikiri: atalala kama gunia. Nilifikiri: ni wali wa ndege tu, na tayari umelainika. Sikufikiri zaidi. Niliinua bakuli, nikachota kidogo kwa vidole, nikauponda na maji kwenye kiganja, nikampa. Aliutoa wote kwa ulimi. Nikamrudishia. Akautafakari, akameza, akafungua mdomo tena.

Kombe lilipopulizwa mara ya mwisho nikafunika bakuli, nikamfuta mdomo kwa shati langu, nikarudi barazani. Dada alikuja kumchukua. Alisema, "Mbona ametulia hivi?" Nikasema, "Alikuwa anaangalia mvua."

25 Asharh

Tupur hakuamka mpaka alfajiri.

Mama Hiron alisema ni uji wa shayiri aliompa dada kwa ajili ya maziwa. Dada alikuwa na uso mpya. Mimi nilifika ofisini nikiwa mtu. Bwana Sannyal alinipitia akasema, "Naona leo godoro limesimama."

Shangazi Noni alikuwa uani akigombana na hewa. "Nani anawaibia ndege wangu? Niliacha wali wa kuwatosha wote, leo wamekula wakapigana!"

"Panya," nilisema.

"Panya anayefunika bakuli baada ya kula," alisema. "Panya amelelewa vizuri."

26 Asharh

Nimempa tena. Nilikuwa nimeapa sitampa.

27 Asharh

Alilala tena, akaamka mara moja tu. Nimempa na leo, haraka haraka, maana Shangazi alikuwa amekwishatoka kisimani na nilisikia ndoo. Sikuuponda sawasawa.

30 Asharh

Adhabu imekuja, na haikunijia mimi.

Tangu juzi Tupur hajapata choo. Tumbo gumu kama embe bichi. Jana usiku hakulia kwa kuamka, alilia kwa maumivu, nami sasa naijua tofauti. Anakunja magoti, uso unakuwa mwekundu, kisha zambarau, na sauti inakatika katikati. Dada alitembea naye chumbani mpaka mapambazuko. Mama Hiron alimpaka mafuta ya haradali yenye moto moto tumboni. Shangazi Noni alisimama mlangoni, akasema mwambieni mama yake anywe maji mengi. Nami nilisimama nyuma ya Shangazi nikiwa nimeshika taa, nikaiinamisha hata Mama Hiron akasema, "Poltu, weka hiyo taa chini, utatuunguza."

Daktari alikuja asubuhi, mtu wa mikono mikubwa. Alimbonyeza, akamkunjakunja miguu, akatoa dawa ya kulainisha, akauliza, "Amepewa chochote kigumu? Nafaka?"

"Nafaka!" alisema Mama Hiron. "Sisi ni watu wa dini, daktari. Wali Kinywani bado."

"Basi atapona. Na mnasema huamka usiku? Ataamka. Wa umri huu tumbo likiwa tupu huamka, likijaa huamka. Wala wali hautawatibu. Vumilieni."

Mchana Tupur alipata choo. Mama Hiron mwenyewe ndiye aliyefua nguo za mtoto. Nilikuwa nafunga viatu nilipomsikia akiita kwa sauti ndogo kabisa, na sauti ndogo ya Mama Hiron inatisha kuliko kelele zake.

"Jhinuk. Njoo uone."

Kwenye kitambaa kulikuwa na punje mbili nzima. Nyembamba, nyeupe.

Alizishika kwenye ncha ya kidole, akazitembeza nyumba nzima kama mtu aliyeokota mkufu, mpaka mlangoni kwa Shangazi Noni.

"Wifi. Wali huu unapikwa chungu gani humu ndani?"

Shangazi alitazama. "Changu."

"Na huyu mtoto amekula wali kabla ya wali wake."

"Sijampa."

"Umekuwa ukisema kila siku ni mambo ya kalenda tu. Umekuwa ukisema mwanangu ulimbeba wewe."

"Nilimbeba mimi! Na sijampa huyu! Hiron, nitazame. Miaka yote hii nimekuibia nini humu ndani? Hata chumvi naomba!"

"Ulitaka uwe wa kwanza," alisema Mama Hiron. "Hukuzaa, ukataka angalau mmoja ale kwanza mkononi mwako. Mkono wa mjane, katika jambo la heri la mjukuu wangu."

Shangazi Noni aligeuka akinitafuta mimi. "Poltu. Wewe umesoma. Wewe hushinda na mtoto jioni. Waambie."

Kila mtu alinitazama.

Nikasema: "Mambo kama haya ni magumu kuyathibitisha."

Ndivyo nilivyosema. Kwa sauti ya ofisini.

31 Asharh

Nitaeleza kwa nini sikusema. Wakijua ni mimi, watasema kaka wa Jhinuk ndiye aliyeharibu heri ya mtoto, na dada ataishi na neno hilo mpaka uzee. Watanifukuza, nitakosa pa kulala, nitasinzia ofisini, sitathibitishwa.

Nimeyasoma niliyoandika. Kila sentensi ni kweli na hakuna hata moja iliyo sababu. Niliogopa nyuso zao, basi.

2 Srabon

Mpwa wa marehemu mume wake alikuja kumchukua Shangazi Noni, ampeleke Falakata. Mama Hiron alisema ni mpaka Wali Kinywani upite, "pasije pakawa na maneno." Kila mtu alijua kwamba si mpaka hapo.

Alikuwa na sanduku la bati na fungu la vyombo. Nilimbebea sanduku mpaka basini, kwa sababu mimi ndiye mwanamume wa nyumba. Alipopanda aliniambia, "Ndege usiwasahau. Wali wowote. Hawajui mjane wala kalenda."

Nimewawekea wali wetu wa manjano. Wamekula.

3 Srabon

Tupur aliamka.

8 Srabon

Mto Mansai umepanda. Tupur aliamka.

15 Srabon

Kila usiku anaamka kama zamani, na kila akiamka naamka kabla yake. Nakaa kitandani nasubiri alie. Daktari alisema kweli: zile siku mbili za usingizi labda zilikuwa bahati tu, mtoto angelala hata bila wali. Nilimtupa mwanamke nje kwa ajili ya bahati.

Dada huimba upande wa pili wa ukuta, sauti imekauka. Sijui kwa nini hajawahi kuniuliza chochote.

27 Srabon

Siku ya Wali Kinywani.

Shemeji alipata likizo. Majirani walijaa mpaka uani, matope yakaingia na viatu vya watu wote. Tupur alivaa sari nyekundu kama utepe, na taji la magome meupe lililomteremkia kwenye nyusi. Nikakaa kwenye mkeka, nikampakata. Wanawake wakapiga vigelegele. Mbele yetu palikuwa na sinia lenye udongo, kalamu, kitabu na dhahabu, aguse kimoja tujue atakuwa nani. Na kando yake bakuli la wali uliopikwa kwa maziwa na sukari ya mtende.

Tupur hakutazama dhahabu wala kalamu. Alijirusha na mwili wote kuelekea bakuli la wali, mdomo wazi.

"Huyu atakuwa mpishi!" alisema mmoja.

Nikachota kidogo kwa vidole. Nilikuwa nimenawa mpaka ngozi inauma. Kila mtoto niliyewahi kumwona siku hii hukunja uso, hutema, hulia, na watu hucheka. Tupur alipokea, akasukuma kwa ulimi, akameza, akafungua mdomo kwa ajili ya kingine, akinitazama machoni kama mtu anayekujua.

"Jamani! Tazama anavyokula! Kama vile amezoea mkono wa mjomba!"

Waliangua kicheko, vigelegele vikarudi. Mpiga picha akasema, "Mjomba, cheka kidogo." Mama Hiron hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wangu. Kisha akatazama mlango wa chumba cha nyuma, uliofungwa kwa kufuli.

28 Srabon

Dada alinikuta uani nikiwamwagia ndege wali.

"Nilijua," alisema.

Sikujifanya sielewi.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilipomnyonyesha usiku ule mdomo wake ulinuka wali. Nikasema kesho nitamkataza Poltu. Kesho yake nilikuwa nimelala usiku mzima, Poltu. Usiku mzima, kwa mara ya kwanza. Nikasema, kesho."

"Na walipomshika Shangazi?"

"Nilikungoja wewe useme." Alijifuta uso na upindo wa sari. "Nikafikiri, yeye amesoma, ataanza. Halafu ukasema yale maneno yako ya karatasi."

Tulisimama pale kama wezi wawili waliokutana dirisha moja. Nilikuwa nikimfikiria dada kuwa ndiye mtu safi katika habari hii. Sasa kwa kuwa najua, nampenda zaidi, na sijui kama hilo ni jema.

1 Bhadro

Nilipanda basi la Falakata. Maji yalikuwa yamekata barabara, dereva akageuza. Abiria walilalamika. Mimi nilifurahi, nikarudi nyumbani nikiona haya mpaka masikioni.

5 Bhadro

Barabara imefunguliwa. Nimekwenda.

Nilimkuta Shangazi Noni kwenye kona ya baraza ya nyumba ya mpwa wake, anamenya maboga ya watu. Nyumba ile ina jiko moja, na jikoni humo hupikwa samaki, kwa hiyo hajapika wali tangu afike. Anakula bisi za mchele na ndizi. Mashavu yameingia ndani. Alisema, "Umekonda," kabla sijasema mimi.

Nikamwambia. Sikupamba. Nilisimama nikiwa nimeshika mwavuli unaochuruzika, nikamwambia jioni zote tatu.

Kisu hakikusimama. Alimaliza boga lile.

"Ulitumia mkono upi?"

"Nini, Shangazi?"

"Mkono ulioinulia bakuli langu. Ulikuwa umetoka ofisini. Mchana ulikuwa umekula nini?"

Nilitaka kusema uongo na nikashindwa. "Samaki. Siku moja, yai."

Akaweka kisu chini. "Mkono wa samaki. Kwenye bakuli langu. Nami nikalisuuza kwa maji tu, nikapakulia humo siku ya pili yake, nikala. Tangu nina miaka kumi na tisa sijagusa, Poltu. Mume wangu sikumjua vizuri hata nimkumbuke sura. Hilo tu ndilo nililomtunzia." Macho yake yalijaa, na niliona kwamba lile la mtoto lilikuwa dogo kwake, na hili sikuwahi hata kulifikiria. Karani mwenye cheti, sikuwahi kulifikiria.

"Nitakwambia nini, Shangazi?"

"Usiniambie mimi kitu. Mimi nilijua siku zote kwamba si mimi. Kamwambie asiyejua."

6 Bhadro

Nimesema.

Nilingoja Mama Hiron amalize ibada ya jioni. Shemeji alikuwepo, dada alikuwa na Tupur begani. Nilisema, "Wali ule nilimpa mimi. Shangazi hakujua. Niliuchukua chini ya bakuli lake, mkiwa mnawasha taa."

Shemeji alisimama. "Wewe? Umekula kwetu msimu mzima, ukamwacha shangazi yangu apande basi, na sanduku ukambebea wewe?"

"Ndiyo."

"Mkono huohuo ukauleta siku ya sherehe?"

"Huohuo."

"Mimi pia nilijua," alisema dada. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini alisema, na kabla mumewe hajamgeukia Mama Hiron aliinua kiganja.

Nilitegemea aseme juu ya heri iliyoharibika, kuhani, kalenda. Hakusema. Alikaa chini sakafuni, mzito, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Nilipoona anavyofungua mdomo kwa mkono wako, nilijua," alisema. "Nikajiambia, nyamaza, Hiron, wageni wamejaa. Siku kumi nimenyamaza, mimi niliyemsingizia mbele ya wote. Nilikuja nyumba hii nikiwa bibi harusi mtoto, nalia kwa mama yangu, na yeye ndiye aliyenisuka nywele. Nikamtoa kwa punje mbili." Kisha akaniangalia. "Sikufukuzi kwa hasira, Poltu. Lakini yeye akirudi, hatakunywa maji kwenye nyumba uliyomo. Unaelewa?"

"Naelewa, Mama."

"Kafungashe. Kesho nakwenda Falakata mwenyewe."

Tupur alinyoosha mikono nimchukue. Dada alisita, kisha akanipa.

9 Bhadro

Shangazi Noni amerudi chumbani mwake. Sikumwona, nilikuwa nimeshahama. Dada anasema yeye na Mama Hiron wanagombana tangu asubuhi kuhusu nani anakoroma.

Dada aliniletea kitu kimefungwa kitambaani. Lilikuwa bakuli la shaba.

"Amesema hawezi kulitumia tena," alisema dada. "Amesema, mpe yule, alie humo samaki wake."

Nimelia humo wali na samaki leo mchana. Nilikula polepole, nikaliosha, nikalifunika.

Ofisini nimemwambia Bwana Sannyal kwamba nimehama. Akauliza sababu. Nikasema, "Kosa langu, bwana." Akaweka kalamu chini. "Hilo ni jibu la kwanza kukusikia ukitoa bila kutetemeka," akasema, wala sijui ataandika nini kwenye ripoti. Nimegundua kwamba naweza kungoja.

10 Bhadro

Dada, daftari hili nakuachia wewe. Ule ukurasa wa kwanza ninapomwomba msomaji anyamaze, upuuze. Msomee Shangazi Noni, kwa sauti, hata yale mabaya niliyoandika juu yenu. Akikukatiza, mwache akatize.

Mkinihitaji, niko nyumba ya makarani wasiooa, nyuma ya kinu cha mpunga, njia ya kushukia mtoni. Usipige simu ofisini, Bwana Sannyal ndiye hupokea na hutania. Mlango wa mbele mpishi huufunga mapema na ni kiziwi. Zunguka upande wenye migomba, dirisha langu ni lile lenye pazia la kijani. Gonga fremu, si kioo, kioo kimelegea. Tupur akikusumbua usiku na shemeji ameshaondoka, mtume mtu, nije nimbebe barazani ulale kidogo. Hutaniamsha. Saa zake bado ni saa zangu.

Na kwa Shangazi: kila asubuhi, kabla ya kazi, napita njia ya nyuma ya uzio wenu wakati ndege wanaposhuka. Nitakuwa nimenawa, na sitaingia. Asilazimike kuniita kwa jina. Akitaka jambo, akohoe tu, nitasimama.